Nimemshtaki Mtani Wangu kwa Kula

Mpendwa Bi Kudra,

Shikamoo. Nakuja kwako kuomba msaada, nisamehe mwandiko, maana mwanao nimechoka, na uchovu wenyewe si ule wa kulala ukaamka mzima, huu naamka nao, nakwenda nao sokoni, narudi nao nyumbani, na hapa ninapoandika mkono unanuka vitunguu na sina nguvu ya kwenda kuunawa tena.

Naitwa Tekla, ni Mmwera, kwetu ni bara lakini nimekaa Lindi tangu nilipoolewa, nyumba yangu iko Mitwero, na nina kibanda cha chakula nyuma ya soko, kibanda cha makuti tu chenye meza ndefu na mabenchi, alikijenga marehemu mume wangu Severini kwa mikono yake mwenyewe. Ukisikia watu wa mjini wanasema twende kwa Mama Magdalena, ni kwangu, huyo Magdalena ni binti yangu ameolewa Nachingwea. Napika wali wa nazi na mchuzi wa samaki, napika kisamvu, na ugali wa muhogo kwa wale ambao bila ugali wanaona hawajala. Siku za kazi wateja ni wachache, wapagazi wa bandarini na makarani wawili watatu, lakini Jumamosi na Jumapili ndizo zinazoniua, maana hapo malori ya mashamba ya katani yanamwaga watu mjini, na kila anayeshuka ana njaa ya wiki nzima.

Sasa, Bi Kudra, kuna mtu anaitwa Mfaume. Ni nyapara katika shamba moja la katani, ana mke wake mzuri anaitwa Ziada, kwa hiyo usije ukadhani hili ni jambo la mapenzi, wala wasomaji wako wasianze kutikisa vichwa. Starehe ya Mfaume ni kutembea na kula. Havuti, hachezi ngoma, hanywi, lakini hakuna mkahawa wala kibanda Lindi hii ambacho hajaingia akatia kidole kwenye sufuria. Wakija manamba wageni, wale vibarua wa mkataba kutoka mbali huko bara, ambao hawajui mji wala hawajui bahari, yeye ndiye anayewakusanya kazi ikiisha Jumamosi na kuwatembeza. Anaanza nao kwa muuza kahawa karibu na msikiti, wanakunywa kahawa kwa kashata, kutoka hapo anawaingiza kwa Mshihiri, yule Mwarabu mwenye mkahawa, wale sambusa na chai ya tangawizi, na lazima amwambie Mshihiri kwamba sambusa za leo zina nyama ya kuazima, halafu anawateremsha pwani kwa wakaanga pweza, huko wageni wengine wanakataa kabisa wakisema huyo si samaki huyo ni shetani, na Mfaume anakula cha kwake na cha kwao. Jumapili ni gulio. Wanawake wa Kimakonde wanashuka na korosho za kuchoma na ming'oko, ile mizizi ya porini wanayoichemsha, basi anawakalisha wageni chini, anawapa ming'oko kwa pilipili na ndimu mpaka watu wazima wanatokwa na machozi, na yeye anawapigia makofi. Na safari yote hiyo, Jumamosi mwisho wake kwangu, Jumapili mwisho wake kwangu.

Anasimama mlangoni anapiga kelele soko zima lisikie, "Karibuni kwa mchawi wangu! Ingieni mle, lakini kila mtu aage kwao kwanza!" Wageni wanakaa, wanakula, wanalipa. Yeye hakai. Anakwenda moja kwa moja jikoni, anachukua upawa, anachagua kipande anachokitaka, tena kile kinono cha tumboni, anajipakulia wali mpaka sahani inatapika, na kwingine analipa, lakini kwangu halipi hata senti, kwa sababu ni mtani.

Huenda wasomaji wako wa huko Dar es Salaam wamesahau mambo haya, lakini ukoo wa mume wangu na ukoo wa Mfaume ni watani tangu mababu, na mtani wa mume ni mtani wa mke. Mtani akiingia uani kwako akaondoka na kuku, unamtazama tu. Akikutukana mbele ya mkweo, unacheka. Ukikasirika, mkosaji ni wewe na faini unalipa wewe. Na msiba ukiingia ndiye anayechimba kaburi, ndiye anayefanya zile kazi ambazo ndugu hawaziwezi kwa machozi. Haya yote nayajua, sikuzaliwa jana.

Severini alipokuwa hai mambo yalikuwa mengine. Ikifika Jumamosi wao wawili walitukanana hapo mlangoni hata watu wasio na njaa walikuja kukaa ili wasikie. Mfaume atasema mchuzi huu ni mwepesi, mtoto anaweza kujifunzia kuogelea, Severini atamjibu kwamba hata ungekuwa mzito usingepata mahali pa kukaa katika tumbo lile lililotoboka. Na mimi nilikuwemo, Bi Kudra. Nilikuwa na ulimi mimi! Nilimwambia Mfaume mbele ya wageni wake kwamba mkewe alikubali kuolewa naye kwa sababu siku hiyo alikuwa anaumwa macho, watu wakaanguka, na Mfaume mwenyewe akacheka mpaka akakalia gunia langu la mchele. Nilikuwa nikifunga kibanda nimechoka mwili tu.

Severini alikufa kwa homa, mwaka ule wa sherehe za Malkia kuvishwa taji. Mfaume alichimba kaburi, akaingia ndani, akakataa kutoka mpaka apewe jogoo, akasema shimo hili kubwa bure kwa mtu mwembamba namna hii, labda tumlaze na sufuria zake. Watu walicheka huku wanalia, na mimi pia nilitabasamu, sitasema uongo. Kwa hilo sikumchukia.

Lakini nilidhani baada ya arobaini ataona haya ataacha. Hakuacha. Jumamosi ya kwanza niliyofungua kibanda alikuja na watu wake, na Bi Kudra, akaingia anachechemea. Severini alikuwa akichechemea, mashine ya katani ilimuumiza mguu ujanani. Basi Mfaume akaingia anauvuta mguu vile vile, akagonga mfuniko wa sufuria vile vile, akasema kwa sauti ya Severini kabisa, "Mama Magdalena, nazi zimekwisha Lindi nzima au zimekwisha kwako tu?" Wageni wakacheka, wao hawajui kitu. Mimi nikaenda nyuma kwenye mafiga. Mwanaheri, jirani yangu anayekaanga samaki kibanda cha pili, akaniuliza una nini, nikamwambia moshi.

Tangu siku hiyo sijamjibu Mfaume neno moja la utani. Anatukana, nampakulia. Anasema wali umepikwa kwa vitisho, nampakulia. Wakati mwingine ananiuliza, "Mtani, leo na ulimi umeupika?" Nanyamaza. Jumamosi ijayo yuko pale pale, maneno yamezidi, na mguu anauvuta. Nimekuwa nikiiona Ijumaa jioni kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Sasa nikueleze lililotokea. Naomba nitaje na jambo jingine dogo ili uelewe. Jumapili nikishanunua samaki huwa naweka kando kichwa cha yule mkubwa, kolekole akipatikana, nakipika vizuri kwa nazi nzito na bizari, nakitia kwenye sahani, nafunika kwa sahani nyingine, naweka mwisho wa meza pale alipokuwa akikaa Severini, maana kichwa kilikuwa chake. Ni mazoea tu. Jioni nawapa paka. Mahali pale hapakai mtu, wateja wa zamani wanajua, na wageni Mwanaheri huwaambia sogea huku. Jumapili hiyo kibanda kilijaa mpaka nje. Mfaume akaingia, safari hii hakuja jikoni. Akaenda mwisho wa meza, akakaa. Akafunua ile sahani, akakitazama kile kichwa, akanitazama mimi, akasema, "Severini, ndugu yangu, umeringa mno, chakula kinapoa. Nipishe." Akaanza kula. Alikula shavu, akala jicho, akafyonza mifupa mmoja mmoja, na mimi nimesimama nimeshika mwiko.

Nilimrushia ule mwiko. Ukampiga kifuani, mchuzi ukamchafua shati jeupe la Jumapili. Nikasema maneno ambayo mtu hamwambii mtani. Nilimwambia, "Toka! Huna haya! Mtu yuko kaburini wewe unamlia chakula chake!" Hata Mwanaheri kule kibandani kwake akaacha kugeuza samaki. Nilitaka acheke ili nipate sababu ya kumrushia na sufuria, lakini hakucheka. Alimaliza kile kipande alichoshika, akanawa, akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Haya, mtani," akaondoka. Wageni wake wakabaki wananitazama.

Kesho yake nikaenda barazani kwa Liwali kumshtaki. Karani akaniuliza nani, nikasema Mfaume nyapara. Akauliza ni nani wako, nikasema mtani wangu. Kosa lake? Nikasema anakula. Karani akaweka kalamu chini akacheka, na askari wa mlangoni akacheka, wakaulizana ati utani nao siku hizi una sheria. Mimi sikucheka. Mwishowe karani akaniandikia, akasema Liwali amekwenda Kilwa, shauri litasikilizwa akirudi.

Tangu hapo Mfaume haji. Manamba wanakuja wawili wawili bila kiongozi, wanakaa kimya, wanakula, wanalipa, wanaondoka. Nilidhani nitapumzika, Bi Kudra, ndivyo nilivyotaka, lakini uchovu ndio umezidi, siku hizi hata kukuna nazi nakaa chini katikati nasahau mkono ndani ya kifuu. Kaka yangu Nikodemo amenijia kutoka bara anasema endelea na shauri, mwanamke peke yake asichezewe na wanaume wa mjini, likiisha uza masufuria urudi nyumbani tukae. Mwanaheri yeye ananiambia, "Mwenzangu, wallahi mtani hashtakiwi. Kafute hilo shauri ulipe faini yako yaishe. Ukivunja utani, siku yako wewe ikifika nani atakuchimbia?"

Sina wa kumuuliza mwingine. Niendelee na shauri nimkomeshe, au nifunge kibanda niondoke nimwachie Mfaume na mji wake? Jina langu ukipenda litie gazetini, Lindi nzima inajua habari hii, kujificha kwangu ni kujisumbua bure.

Wako aliyechoka,
Tekla, Mitwero, Lindi

*

Bi Kudra anajibu:

Marahaba, mwanangu Tekla. Pole. Pole ya mumeo, ambayo naona wengi wameshaacha kukupa, na pole ya moshi, mizigo na malori ya Jumamosi. Mimi najua kazi ya kulisha watu wenye njaa, haina shukrani na haina siku ya kuisha. Pole zako umeshazipata. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Loo! Umemshtaki mtani! Mimi nimezaliwa Kilwa Kivinje na watani ninao mpaka wa kugawa. Mmoja alikalia kizingiti siku ya harusi yangu, akasema bibi arusi haoni mtu mpaka bwana arusi avue kofia ampe, na bwana arusi akaingia kichwa wazi kama mtoto wa chuo aliyeadhibiwa. Mama yangu alipokufa mtani mwingine alijifunga khanga yake akakaa jikoni anatukaripia kwa sauti yake. Nilitaka kumuua. Lakini barazani? Kwa kosa la kula? Huyo karani mwache acheke, ningekuwa mimi ningecheka mpaka nikavunja kiti cha serikali.

Barua yako ni ndefu na mwendo wake naupenda, nimezunguka na Mfaume mji mzima mpaka nikatamani pweza. Umenieleza sambusa za Mshihiri, umenieleza ming'oko na machozi ya wageni, kisha kile kichwa cha kolekole umekitia katikati ukasema ni jambo dogo, ni mazoea tu. Nani unamdanganya, mwanangu? Hilo ndilo ulilonifuata nalo. Mengine yote ni kachumbari.

Hebu nikuulize. Mwanaheri alikiona kile kichwa kila Jumapili. Alisema nini? Aliwaambia watu wasogee. Wateja wa zamani walisema nini? Walikaa kando wakatazama sahani zao. Kaka yako, binti yako, hata padri wako angeingia pale, angekiona, angejua ni cha nani, angenyamaza. Kila anayekupenda angeendelea kupita pembeni ya kile kiti mpaka uzeeke, wewe unapika, paka wanakula. Hawana ubaya. Wanaogopa kukuumiza, na ndugu ana haki ya kuogopa. Sasa niambie, katika watu wote wa Lindi, nani alikuwa na ruhusa ya kukaa mahali pa marehemu, kufunua sahani yake na kula? Ni mmoja tu, na huyo ukamrushia mwiko.

Rudia barua yako uisome kama imeandikwa na mtu usiyemjua. Mtu huyu kwa Mshihiri hali bure, kwa muuza kahawa hali bure, na meno yake yanafanya kazi popote. Anawaleta watu kwako kila wiki, tena mwisho wa safari, wakati wangekuwa wameshashiba, na wanakula na kulipa. Hata sasa wanakuja peke yao kwa sababu njia aliwafundisha yeye. Anakutukana, unanyamaza. Wiki ijayo anarudi na tusi kubwa zaidi. Unanyamaza. Mlafi akishapata mnofu hana haja ya maneno yako, Tekla! Mlafi anatia mkono kinywani na kwenda zake. Huyu anakuuliza kama ulimi umeupika. Ulikuwa na ulimi wewe, umesema mwenyewe, na yeye ndiye mtu pekee mjini anayeuulizia ulikokwenda.

Wala sisemi hana makosa. Mfaume, najua gazeti hili linafika kwenye mashamba ya katani, na kama halijafungiwa karanga bado, basi soma hapa. Kutania msibani ni kazi yako na uliifanya. Kuchechemea kila Jumamosi bila kuutazama uso wa mwanamke ni uvivu. Mtani hatazami sufuria peke yake, anatazama na mpishi. Uliona anakwenda kwenye moshi na moshi wenyewe hakuna, ungebadilisha mchezo. Na shati hilo lenye mchuzi, lifue mwenyewe, usimpe Ziada.

Nirudi kwako. Unasema alipoacha kuja ulidhani utapumzika na uchovu ukazidi. Naamini. Kupika kwa ajili ya watu wanaokula kunachosha, lakini wakila umemaliza, unaosha sufuria. Kumpikia asiyekula hakumaliziki. Umekuwa ukifanya kazi hiyo kila Jumapili juu ya kazi nyingine zote, halafu unashangaa mikono inasahaulika ndani ya kifuu.

Kaka yako Nikodemo anakutakia mema, mwambie Bi Kudra anamsalimu sana. Lakini ukienda kwake utapewa pembe ya nyumba, watoto wa kuogesha na shamba la kulima, utachoka vile vile na kibanda huna. Masufuria usiuze. Mwanaheri ndiye mwenye akili katika habari hii, ila naye amenyamaza mno, mwambie nimesema.

Fanya hivi. Kesho asubuhi nenda barazani ufute shauri kabla Liwali hajarudi. Usieleze mengi. Sema nimekosea, basi. Wakicheka, simama hapo wamalize.

Jumamosi usiwashe moto. Nasema usiwashe, wala usinijibu kwamba malori yatakuja, yaje, watu wa Lindi hawatakufa njaa kwa siku moja. Oga, vaa nguo yako ya kanisani, mchukue Mwanaheri, muende mpaka nyumbani kwa Mfaume. Ukifika msalimie Ziada kwa adabu, yeye hana kosa, umwombe naye afuatane nanyi ili wenye midomo wakose la kusema. Kisha mgeukie mume wake. Samahani ya nguo iliyochafuka mwombe, ni haki yake. Faini ya kukasirika akitaja, mwambie utalipa. Halafu umwambie, "Mtani, umekula kwangu tangu Severini anatembea. Utani hauna upande mmoja. Leo nakula mimi. Nitembeze."

Akutembeze njia ile ile anayowapitisha wageni, na kila mahali alipe yeye. Tangu lini wewe umeketi kwenye benchi ukaletewa chakula? Umewalisha watu wa katani miaka yote hiyo na mji wenyewe wa kula hujauonja. Kunywa kahawa pale msikitini. Kwa Mshihiri agiza sahani ya watu wawili, uonje, uitie kasoro. Pwani mwambie muuza pweza amkatie Mfaume mkia, na akisema pweza hana mkia sema basi ampe wa kwake. Kula hata usichokipenda, mradi kinamuuma mfukoni. Akikasirika, nisikilize vizuri, akikunja uso kwa kulipa, basi si mtani huyo, ni tumbo lenye miguu, na kuanzia Jumapili mtoze kama wateja wengine, na mimi nitakuandikia barua ya kumpelekea Liwali kwa mkono wangu. Lakini sidhani.

Jumapili fungua kibanda. Kichwa cha samaki usikifunike. Kipakue mbele ya watu, ukae pale mwisho wa meza ukile wewe. Si dhambi. Hutamkosea Severini, maana mtu aliyekaa mlangoni akitukanana na rafiki yake mpaka wapita njia wakapoteza safari zao asingetaka mkewe alie nyuma ya mafiga akisingizia moshi.

Na likikujia tusi la kumwambia Mfaume, usilimeze tena. Litakutoka bovu mara ya kwanza, ulimi uliolala unakuwa mzito. Mtupie hivyo hivyo. Yule mtu alishuka kaburini akamlaza mumeo, akatoka na jogoo wake, na kazi ya mtani haiishi hapo, inaisha siku mjane akicheka. Jumamosi zote hizo ulizomwona anakuja kula, alikuwa kazini, peke yake, mbele ya wageni wasioelewa, anatukana mtu asiyejibu. Nenda ukacheke, mwanangu. Naye amechoka.